Umangimeza Katika Chumba cha Rada

Wako watumishi wa umma ambao kazi yao haijulikani kwa raia mpaka siku ya maafa. Mmojawapo ni mwongoza ndege. Hukaa mbele ya kioo cha rada, na kwa neno lake moja ndege hupanda, hushuka au husubiri. Hawezi kuweka jalada pembeni akasema atalishughulikia kesho. Hata hivyo, katika nchi nyingi zinazoendelea, mtu huyu huamriwa na ofisi ambazo kwao kesho ndiyo siku ya kazi.

Yaliyotokea Brazil yafaa yachunguzwe. Tarehe 29 Septemba, 2006, ndege ya abiria ya shirika la Gol iligongana na ndege ndogo aina ya Legacy juu ya msitu wa Amazon, kwenye kimo cha futi 37,000. Watu wote 154 waliokuwa katika ndege ya Gol walikufa. Ile ndogo ilifaulu kutua katika kituo cha jeshi, na watu wake saba wakanusurika. Uchunguzi ulionyesha kasoro za marubani wake, ambao chombo chao cha kujitambulisha kwa rada kiliacha kufanya kazi bila wao kugundua. Lakini ulionyesha pia jambo linalopasa kumkosesha usingizi kila msimamizi wa ofisi. Kioo cha rada mjini Brasilia kilikuwa kimeandika chenyewe futi 36,000, kwa kuwa ndicho kimo kilichokuwa katika mpango wa safari, ilhali ndege ilikuwa bado futi 37,000. Mtu wa zamu alikiamini, akamkabidhi mwenzake hivyo hivyo. Kwa lugha ya maofisini, jalada lilikuwa limeandikwa “imetekelezwa”.

Wengi wa waongoza ndege hao walikuwa masajenti wa jeshi la anga. Mshahara ulikuwa wa sajenti, na malalamiko yalipaswa kupanda ngazi za vyeo. Kila aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua safari hiyo: chini huandikwa “hatari”, katikati “upungufu”, na juu hufika “hali ni ya kuridhisha”.

Mwezi uliofuata waongoza ndege waliamua kufuata kanuni tu, yaani mtu asipokee ndege zaidi ya idadi iliyowekwa. Haikuwa zaidi ya hayo. Safari zikachelewa kwa saa nyingi, viwanja vikafurika abiria wenye hasira. Maana yake ni nini, kama si kwamba kazi ilikuwa ikiendeshwa siku zote kwa kukiuka kanuni ambazo wakubwa wenyewe walizitia saini? Mwalimu mwenye darasa lililofurika hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Tarehe 30 Machi, 2007, waligoma, na usafiri wa anga ukasimama karibu nchi nzima. Wakuu wa jeshi walitaka wakamatwe kwa uasi. Rais Lula da Silva, akiwa safarini kwenda Marekani, alizuia. Waziri akatumwa, makubaliano yakafikiwa. Siku chache baadaye Serikali iliyaacha. Mwaka 2010 mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani sajenti mmoja kwa ajali ile. Je, aliyeidhinisha kioo kiandike kimo ambacho hakuna aliyekithibitisha alikuwa na cheo gani?

Wala tusidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Septemba 2022, waongoza ndege wa ASECNA, shirika linalohudumia anga ya nchi nyingi za Afrika Magharibi na Kati, waligoma, na safari zikafutwa Dakar na kwingineko. Mgomo wa namna hiyo huwaumiza abiria wasio na hatia, na hauwezi kusifiwa. Lakini mtu hafiki huko kabla ya kuandika barua nyingi zisizojibiwa.

Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na udhalimu kwa walio chini yake. Katika chumba cha rada agizo hilo lina maana ya vitendo. Taarifa ya hatari iandikwe na mwongoza ndege mwenyewe, ipewe tarehe ya kujibiwa na jina la mkubwa anayewajibika kuijibu; na tarehe ikipita kimya, aliyeiandika awe na mamlaka ya kupunguza ndege katika eneo lake bila kuitwa mwasi.