Usalama wa wasafiri wa Ughaibuni huanzia Kitui na Makueni

MSAFIRI anayeondoka Mwingi au Wote kwenda kutafuta riziki Riyadh, Jeddah au Doha hufikishwa huko na ndege kwa muda wa saa chache tu. Hata hivyo, hatari zinazomkabili katika miji hiyo mara nyingi huwa zimeandaliwa nyumbani, miezi mingi kabla ya safari yenyewe.

Mnamo 2021, Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliarifu Bunge kwamba Wakenya 89, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani, walikuwa wamefariki nchini Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili. Vingi vya vifo hivyo viliorodheshwa kuwa vya mshtuko wa moyo, maelezo ambayo wizara yenyewe iliyatilia shaka.

Si vigumu kuelewa ni kwa nini vijana wa Ukambani huendelea kusafiri licha ya habari hizo. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana kwa misimu mitano mfululizo katika maeneo mengi kame nchini. Mkulima ambaye ndengu zake zimekauka shambani na mifugo wake wamekonda hana budi kumsikiliza anayemletea bintiye habari za kazi.

Mshauri wa watalii humwonya mgeni ajihadhari na vichochoro vyenye giza pamoja na wezi wa mifukoni. Ushauri huo haumfai sana mjakazi, kwani hatari inayomkabili imo ndani ya nyumba anamolala. Chini ya mfumo wa kafala, kibali chake cha kuishi nchini humo hufungamanishwa na mwajiri mmoja, na akitoroka huhesabiwa kuwa mvunjaji sheria. Saudi Arabia ililegeza baadhi ya masharti hayo Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakujumuishwa katika mageuzi hayo.

Serikali ya Kenya nayo imejaribu njia ya marufuku. Mnamo 2014 ilifuta leseni za mawakala 930 na kuzuia wafanyakazi wa nyumbani kupelekwa Mashariki ya Kati. Marufuku hayo yalipoondolewa mnamo 2017, ilikuwa imedhihirika kwamba waliodhamiria kwenda waliendelea kupita njia za panya, ambako hapakuwa na mkataba wala afisa wa kuwahesabu.

Kwa hivyo, kinga iliyobaki ni maarifa. La kwanza ni kuthibitisha kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. La pili ni kukataa kusafiri kwa viza ya matembezi ilhali safari ni ya kazi. La tatu ni kuacha nakala za pasipoti, viza na mkataba kwa jamaa wawili, pamoja na jina na anwani ya mwajiri, maana simu na pasipoti ndivyo vitu vya kwanza kunyang'anywa. Nambari za ubalozi na za nyumbani zinafaa kukaririwa kichwani. Aidha, familia na msafiri waafikiane kuhusu neno moja la Kikamba litakaloashiria hatari, ili aweze kulitamka hata mwajiri akiwa anasikiliza.

Jambo jingine ni mizigo ya watu. Machi 2025, mahakama ya Ho Chi Minh City nchini Vietnam ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekamatwa mnamo 2023 akiwa na kilo mbili za kokeini. Alijitetea kwamba hakujua kilichokuwa ndani ya sanduku alilopewa apeleke. Utetezi huo haukumwokoa.

Hata hivyo, gumu zaidi ni kumshuku anayefahamika. Mtu anayetafutia wakala wasichana vijijini huenda akawa jirani, muumini mwenza kanisani au hata shangazi. Sheria ya 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu inatoa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni. Lakini sheria hiyo haina meno iwapo familia itaona aibu kumshtaki mtu wake.

Misafara ya Wakamba waliopeleka pembe za ndovu pwani katika karne ya 19 haikutegemea ujasiri pekee. Walisafiri kwa makundi, wakiongozwa na watu kama Kivoi wa Kitui, na walifunga undugu wa kuchanjiana na jamii walizopitia ili wawe na wenyeji wa kuwapokea. Binti wa leo hupanda ndege peke yake, akielekea kwa mwenyeji ambaye hajui hata jina lake.

Machifu, makanisa na vyama vya akina mama katika kaunti hizi mbili wana uwezo wa kuziba pengo hilo kwa kuweka orodha ya kila anayeondoka, aendako na aliyempeleka. Wahenga walinena kwamba tahadhari kabla ya hatari. Kwa msafiri wa Kitui na Makueni, tahadhari hiyo haina budi kuanza kabla mbuzi wa nauli hajauzwa.