Kuchoma Picha Si Kuhubiri Injili

Miaka michache iliyopita wazee wawili wa usharika waliniletea ofisini binti wa darasa la kipaimara. Walikuwa wamemkuta na ukurasa uliochanwa katika kitabu cha sanaa: mama wa Kihindi amempakata mtoto mwenye kichwa cha tembo. "Mchungaji, hii ni miungu," alisema mmoja wao. Binti akajibu kwa sauti ya chini, "Nilikuwa najifunza kuchora macho, Mchungaji." Ukurasa ule ulichomwa nyuma ya kanisa. Nami nilisimama pale nikanyamaza. Wengine waliuona ukimya wangu kuwa ni msimamo wa imani. Ulikuwa woga, na leo naukana.

Tulichoma kitu tusichokijua. Picha ile ilichorwa na Jamini Roy, aliyezaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Beliatore, Bengal, nchini India. Alisomea Calcutta, akafundishwa kuchora kwa rangi za mafuta kama Wazungu, akaweza. Kisha, akiwa mtu mzima, akaiacha njia hiyo. Akarudi kujifunza kwa wachoraji wa kawaida waliowauzia mahujaji picha karibu na hekalu la Kalighat. Akatumia udongo, masizi ya taa na gundi ya mbegu za ukwaju. Akachora kwa mistari minene na macho makubwa yenye umbo la lozi, na akauza kwa bei ndogo ili picha ziingie katika nyumba za watu wa kawaida. Mtoto yule mwenye kichwa cha tembo ni Ganesha, anayeabudiwa na Wahindu. Siabudu Ganesha, wala sitamshauri Mkristo yeyote amwabudu. Nasema wazi ili asitokee mtu wa kunisingizia.

Watanijibu kwa amri ya kwanza. Vema, tuisome kama Walutheri. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoieleza amri hiyo hataji picha hata moja; anauliza moyo wako unamcha na kumtumaini nani. Mwaka 1522 watu wa Wittenberg walipoanza kuondoa picha makanisani kwa vurugu, Luther alitoka mafichoni Wartburg akahubiri siku nane mfululizo. Alifundisha kwamba Neno likiiondoa sanamu moyoni, ile ya ukutani haina nguvu tena. Bali ukivunja ya ukutani na kuiacha ya moyoni, hujafanya kitu.

Watasema Hezekia alimvunja nyoka wa shaba. Ni kweli. Lakini alimvunja kwa sababu Waisraeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Kabla ya hapo nyoka yule alikaa miaka mingi, na Musa ndiye aliyemtengeneza kwa agizo la Mungu. Binti wetu hakufukiza uvumba. Alishika penseli. Paulo naye alipofika Athene roho yake ilichukizwa na sanamu, lakini hakubeba nyundo. Alizitazama kwa makini, kisha akaanza kuhubiri kutokana na madhabahu aliyoiona. Sisi hatukutazama, na kwa hiyo hatukuwa na la kuhubiri.

Sasa tugeukie kuta zetu. Katika nyumba nyingi za washarika ninazotembelea kuna Yesu mwenye nywele laini za rangi ya dhahabu na macho ya bluu. Picha moja ya namna hiyo, Yesu wa Kizungu, ilichorwa na Mmarekani Warner Sallman mwaka 1940, ikachapwa kwa mamilioni. Hakuna mzee aliyewahi kuniletea kalenda kama hiyo ili ichomwe. Lakini nimewasikia Wakristo wakisema, tena kwa dhati, kwamba Mungu anafanana zaidi na Wazungu. Hapo ndipo moyo umeinamia picha. Hiyo ndiyo sanamu, na tumeitundika juu ya meza ya chakula.

Jamini Roy, ambaye hakuwa Mkristo, alimchora pia Kristo mara nyingi: msalabani, na mezani pamoja na wanafunzi wake. Alimpa macho yale yale ya Bengal. Mtu wa nje ya kanisa alithubutu kumwona Bwana wetu akiwa jirani wa kijijini kwake. Sisi tulio ndani bado tunaona haya kumchora mwenye sura ya baba zetu, na mtoto ambaye huenda angetuchorea tulimfundisha kwamba mikono yake ni najisi.

Nilimwendea baadaye kumwomba msamaha. Alinisamehe kwa adabu, kama watoto wetu wanavyowasamehe wakubwa, lakini aliniambia hachori tena. Roho aliyemjaza Bezaleli ustadi wa kazi za mikono hakutuagiza tuuzime ustadi huo kwa kiberiti.

Wazee wangu, ndugu zangu, siku nyingine mkimkuta kijana na picha msiyoielewa, keti naye kwanza. Mwulizeni anaona nini ndani yake. Kisha mwambieni mnayemwamini, na kwa nini. Kama hatuwezi kufanya hivyo, basi anayeogopa miungu ni sisi, si yeye.