Ardhi ya Jumuiya na Kalamu ya Karani

Ndugu wanachama, wako miongoni mwetu wasemao kwamba ardhi isiyo na mwenyewe mmoja haina mlinzi, na ya kuwa mtu hujitegemea siku ile apatapo hati yenye jina lake peke yake. Hatulidharau neno hili, maana lasemwa na watu wazima walioona mashamba ya ukoo yakigombewa. Lakini twawaomba, kabla ya kukata shauri, waziangalie habari za watu weusi wa kusini mwa Marekani.

Mwaka 1910 watu hao walikuwa na ekari zaidi ya milioni 15 za mashamba, walizozipata kwa jasho lao katika muda usiofika miaka hamsini tangu kufunguliwa utumwani. Karne ilipokwisha, sehemu kubwa sana ilikuwa imewatoka. Nyingine zilichukuliwa kwa nguvu, nyingine kwa madeni. Na nyingine zilipotea kwa njia ya hati zenyewe. Mzee alikufa bila wasia, shamba likawa la watoto na wajukuu wote. Mmoja wao, aliyehamia mji wa mbali, aliuza fungu lake kwa mgeni. Mgeni akaenda kortini kutaka shamba zima lipigwe mnada. Na siku ya mnada, mara nyingi, mgeni huyo huyo ndiye aliyekuwa mnunuzi. Basi hati ilikuwapo, mlinzi hakuwapo.

Katika jimbo la Georgia, miaka ya 1960, ilionekana taabu ya pili. Jamaa za wakulima waliothubutu kujiandikisha kupiga kura walifukuzwa katika mashamba na nyumba za matajiri wa kizungu. Bwana Charles Sherrod na mkewe Bibi Shirley, pamoja na wenzao, wakatambua ya kuwa mtu alalaye chini ya paa la bwana wake hana kura. Mwaka 1968 baadhi ya viongozi wao walikwenda Israeli kutazama jinsi wakulima wanavyokodishwa ardhi isiyouzwa. Mwaka 1969 wakaanzisha jumuiya iliyoitwa New Communities, nayo ikanunua ekari zipatazo 5,700 katika wilaya ya Lee. Wakati ule hapakuwa na shamba kubwa kuliko hilo mikononi mwa watu weusi katika nchi ile yote.

Mpango wao ulikuwa huu: ardhi iwe ya jumuiya daima, kila jamaa ipewe kiwanja na shamba kwa mkataba wa miaka mingi, nyumba iwe ya aliyeijenga, lakini udongo ulio chini yake asiwe na ruhusa ya kuuuza, wala yeye wala warithi wake. Walilima mahindi, karanga, soya na matikiti. Walifuga nguruwe, wakakausha nyama kwa moshi na kuiuza kando ya barabara kuu. Fedha ya Serikali waliyoitumainia kwa kujenga nyumba haikuja, maana wakubwa wa jimbo waliipinga. Kwa hiyo deni la kununulia ardhi lililipwa kwa mavuno, mwaka kwa mwaka.

Ndipo mvua zilipokatika. Wakulima wa kizungu walipata mikopo ya dharura kutoka ofisi ya Wizara ya Kilimo. Jumuiya ilipoomba, ilinyimwa na kuzungushwa, na msaada ulipofika ulikuwa umechelewa. Mwaka 1985 wakanyang'anywa ardhi yote kwa deni. Kesi ya wakulima weusi dhidi ya Wizara ilipatanishwa mwaka 1999, na mwaka 2009 jumuiya ikapewa haki yake, dola zipatazo milioni 12. Mwaka 2011 wakanunua ekari 1,638 karibu na Albany, shamba ambalo zamani lilikuwa la tajiri mwenye watumwa.

Watu watasema: mwaonaje, ardhi ya wote ilianguka! Sisi twaona sivyo. Hakuna mwanachama aliyeuza fungu lake, wala mrithi aliyekwenda kortini. Ilianguka kwa sababu ilikuwa imewekwa rehani, na ghala la fedha la kuwavusha mwaka wa njaa lilikuwa mikononi mwa watu wengine. (Kuhusu wavivu katika kazi ya pamoja, kila mwenye ndugu anawajua, hata katika shamba la mtu mmoja.) Jumuiya itakayo kujitegemea na iwe na akiba yake kabla ya kuongeza ekari.

Na aliyeyaweka kando maombi yale alikuwa nani? Alikuwa mtumishi wa Serikali kama sisi, mwenye meza, mhuri na saa za kazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya halmashauri ya kijiji, na karatasi zake zapita mikononi mwa wengi wasomao ukurasa huu. Haki ya watu wa Georgia ilikuja miaka 24 baada ya shamba kuondoka. Twawaomba wanachama walioko katika ofisi za ardhi na za ushirika wilayani wafungue makabati yao juma hili, watazame ni maombi mangapi ya vijiji yamelala humo, na tangu lini, wakatuletee hesabu katika mkutano ujao.