Zamu ya Mtoto kwenye Robine

Katika mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, jua halijatokea bado juu ya milima ya Burundi, na mabido ya manjano yamekwisha kupangwa mstari mbele ya robine. Kila bido lina mwenyewe. Mwenyewe anaweza kurudi nyumbani kuwasha moto au kufagia kiwanja. Bido lake linabaki mahali pake, linamshikia zamu. Ni desturi njema sana. Watu wengi wasiojuana wamepatana, bila karani, bila askari.

Lakini desturi hiyo ina tundu, na katika tundu hilo mtoto ndiye anayeanguka. Msichana wa miaka minane amefika mapema, bido lake ni la tatu. Mara mtu mzima anafika, analisukuma bido lile kwa mguu, anaweka lake. “Sogea, mtoto! Wakubwa wana haraka.” Msichana hasemi neno. Nyumbani amefundishwa kwamba mkubwa hajibiwi. Basi ile adabu yake njema imekuwa mlango wa kumwibia. Kuiba ndilo jina lake: aliyechukua zamu ya mwingine amechukua saa yake, na saa hiyo ilikuwa ya masomo. Kengele ya shule inalia, naye bado amesimama na bido tupu.

Wazee wengine husema kwamba tangu zamani mtoto humpisha mkubwa kisimani. Ni kweli, na mtoto asiyempisha mkubwa njiani hana malezi. Lakini kule milimani, mama anayetangulia kuteka maji ni shangazi wa mtoto, au jirani wa mama yake. Leo amepishwa, kesho atampa mtoto yule kiazi, atamfunika akinyeshewa, atamwitia watu akiumia. Heshima ya kijijini ina pande mbili. Mjini, anayesukuma bido la mtoto hajui hata jina lake. Anataka heshima ya shangazi, lakini kazi ya shangazi haitaki.

Wako vijana wanaoijua zamu vizuri kuliko wengine wote. Ni wale wanaoshirikiana kinga moja, watu wawili au watatu. (Kinga ni baisikeli, jina hilo limewazoea watu wa Kongo.) Huyu anaiendesha leo, yule kesho, aliyekata mnyororo ndiye anayeununua. Hata mmoja wao hathubutu kusema, “Mimi ni mkubwa kwako, nipe siku yako.” Angejibiwa vikali, kwa sababu siku ya kinga ni chakula cha nyumba. Lakini mtazame kijana huyo huyo anapofika kwenye robine na mabido sita ya kwenda kuuza. Anayajaza yote sita mfululizo, moja baada ya jingine, mbele ya mtoto mwenye bido moja. Alichokijua vizuri jana jioni juu ya kinga, asubuhi amekisahau.

Na mtoto aliyechoka kungoja hurudi nyumbani na nini? Hawezi kurudi mikono mitupu. Anateremka ziwani au mtoni, anachota. Maji ya Tanganika yanapendeza macho, lakini huko ufukoni watu huoga, hufua, na uchafu wa mji huishia humo. Ugonjwa wa kolera umekaa Uvira miaka mingi. Watafiti walilinganisha, tangu mwaka 2009 mpaka 2014, maji yaliyotoka katika mabomba ya mji kila siku na wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kolera. Wakaona kwamba, baada ya siku ambayo mabomba hayakutoa maji, wagonjwa walizidi mara mbili na zaidi katika siku 12 zilizofuata, kuliko baada ya siku ya maji mengi. Kwa mtoto aliyesukumwa, bomba limekauka hata siku ambayo maji yanatiririka mbele yake. Naye akibeba kolera ndani ya bido, kolera haikai nyumbani kwake tu. Inapita chooni, inapita mikononi, inaingia kwa jirani, na jirani huyo pengine ndiye aliyesukuma.

Wengine watasema kosa si la watu, kosa ni la robine kuwa chache na maji kukatika. Ni kweli kwamba taabu ya maji ni kubwa, na mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yaliizidisha. Lakini palipo na kidogo, ndipo hasa zamu inapohitajiwa. Kwenye maji tele hata mlafi anaonekana mwenye adabu.

Evanjili ya Mtakatifu Yoane yaeleza habari ya mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38, akilala karibu na birika la Betesda. Kila mara alipotaka kushuka majini, mwingine alimtangulia, wala hakuwa na mtu wa kumsaidia. Bwana Yezu hakumwambia mtu huyo ajifunze kusukuma.

Mtoto wa Kilibula naye anahitaji mtu. Mtu huyo ni mlinzi wa robine, yule anayepokea pesa. Kazi yake isiwe kufungua na kufunga tu. Aseme kwa sauti, “Bido hili ni la mtoto huyu,” na asipokee pesa ya aliyempita. Na mwenye mabido mengi ajaze mawili, kisha arudi nyuma ya mstari.

Mama mjamzito, mgonjwa, mzee mwenye fimbo, hao wapishwe. Hata hivyo kwanza waombe, na anayeombwa ni yule ambaye zamu ni yake, hata akiwa na miaka minane tu.