*TAARIFA YA TAWI: ASILIMIA 2 SI SADAKA*

Ndugu wanachama,

Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Yaani katika kila shilingi 100,000 ya mapato hayo, shilingi 2,000 ni zao. Ushuru wa soko nao wanalipa kama sisi.

Lakini fomu zinatolewa ghorofani, ngazi tupu. Anayetumia kiti mwendo abebwe mgongoni kama gunia kufuata haki yake! Kiziwi anaitwa kwenye semina isiyo na mkalimani wa lugha ya alama. Mwisho wa mwaka tunaambiwa "hawakujitokeza". Wajitokezeje, waruke ngazi?

Tumechoka na picha za kugawa viti mwendo siku za sherehe. Tunadai:

1. Fomu zitolewe ofisi za mitaa, chini.
2. Mkalimani awepo kila semina.
3. Orodha ya vikundi vilivyokopeshwa, pamoja na kiasi, ibandikwe ubaoni.

Wenye ulemavu na walezi wao, leteni majina ya vikundi tawini kabla ya Ijumaa. Kudai tutakwenda wote.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*