Fungua Seva, Mheshimiwa

Agosti 2017 nchi nzima ilijifunza neno jipya: seva. Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi ifungue seva zake ili zikaguliwe. Tume ikazubaa. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili wakafuta uchaguzi wa rais, na kule kukaidi kukahesabiwa dhidi ya tume. Mwaka wa 2022 tume ikaweka fomu za 34A mtandaoni, vituo zaidi ya 46,000, nasi kwa bando zetu wenyewe tukakesha tukijumlisha.

Sasa mahakama iulizwe swali lile lile. Seva zenu je?

Najua mtasema nini. Mtasema kesi sasa zinafailiwa mtandaoni: mfumo ulianza Nairobi Julai 2020, corona ikiwa imetufungia, na Machi 2024 ukasambazwa nchi nzima. Ni kweli, na asante. Anayekumbuka karani akisema "faili haionekani" mpaka mfuko uongee, anajua tumetoka mbali.

Lakini kutoa faili kwa kabati na kuiweka kwa kompyuta si kuifungua. Kabati lilikuwa na kufuli, mfumo una nywila. Shangazi yangu ana kesi ya shamba iliyomzidi umri kitinda mimba wake. Siku hizi haamki saa kumi alfajiri kukimbizana na matatu. Anatumiwa linki, anakaa kwa kochi, anangoja masaa matatu, anasikia "itatajwa mwezi wa tisa," basi, imekatika. Alichopata ni nafuu ya nauli. Kama ni yeye tu anayeahirishiwa hivi, ama ni kila mtu kwa korti hiyo, hajui, na hana pa kuangalia.

Hapo ndipo data inaingia. Data ndiyo hutofautisha bahati mbaya na mazoea.

Wazi kuna mambo mawili, tuwe wakweli. Kenya Law inachapisha hukumu bure, na kila mwanafunzi wa sheria anaishukuru. Lakini hukumu ni mwisho wa safari. Wengi wetu tumekwama njiani. Halafu kuna ripoti ya mwaka ya mahakama: kesi ngapi ziliingia, ngapi zikaisha, ngapi zimerundikana. Huo ni muhtasari wao wenyewe, na majedwali yamefungiwa kwa PDF. Tunataka kilicho nyuma yake. Na kipo: korti hujaza takwimu zao kila siku.

Tupeni kesi iliingia lini, imeahirishwa mara ngapi, nani aliomba iahirishwe na kwa sababu gani. Tupeni viwango vya dhamana, korti kwa korti, tuone kama kosa moja lina bei mbili. Majina hatuyataki. Watoto na waathiriwa wa ubakaji wafichwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo kwa kazi hiyo.

Mtasema tutawatisha majaji. Hapana. Uhuru wa jaji ni wa kuamua, si wa kuahirisha kimyakimya. Hata leo naweza kuingia Milimani, nikae benchi ya nyuma, nihesabu kesi zinazosukumwa mbele. Katiba, Ibara ya 50, inataka kesi isikizwe hadharani. Mnachotunyima si siri. Mnatunyima kalkuleta.

Ibara ya 35 inatupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Ya 159 inasema haki isicheleweshwe. Ya pili hatuwezi kuipima mkitunyima ya kwanza.

34A tulizihesabu usiku kucha bila malipo. Na hizi tutazihesabu. Fungua seva, Mheshimiwa.