Waraka kwa Wakulima wa Miti: Tuulize Shamba Lilipuliziwa Nini

Kwa wanachama wote wa chama chetu

Yah: Mabaki ya dawa ya magugu katika mashamba ya msimu ujao



Kila mwaka, mvua zikiwa bado zinanyesha, tunaona milingoti michanga ikipauka katika mashamba ambayo mahindi yake yamestawi. Lawama huenda kwa mchwa au kwa mwenye kitalu. Nawasihi, kabla ya kulaumu, mng'oe mche mmoja. Mchwa huacha alama: gome limetafunwa usawa wa ardhi na mzizi umekatika. Lakini mizizi ikiwa mizima, na majani ya chini ndiyo yaliyotangulia kuwa manjano kisha yakakauka kingo, ulizeni shamba hilo lilipuliziwa nini.

Mara nyingi jibu ni atrazini. Tunaipulizia kwenye mahindi Desemba, na Januari tunachimba mashimo ya miti humo humo. Mahindi yana uwezo wa kuivunja ndani yake, ndiyo maana hayadhuriki. Paina nayo huistahimili kwa kiasi kikubwa. Mlingoti mchanga hauwezi kiasi hicho. Mizizi huinyonya pamoja na maji, ikafika kwenye majani na kuyazuia kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na mche mchanga hauna akiba ya kuuvusha.

Kwa makadirio, nusu ya atrazini huisha udongoni katika miezi miwili hivi, kisha nusu ya iliyobaki, na kuendelea hivyo. Udongo wetu wenye uchachu unaharakisha kazi hiyo. Lakini vijidudu vinavyoivunja vinataka unyevu na joto, na huku nyanda za juu kiangazi ni kirefu, tena Juni na Julai sakitu huanguka. Miezi hiyo msiihesabu sawa na miezi ya mvua. Na mwenye shamba la kichanga lisilo na mboji aongeze tahadhari, kwa sababu hapo hakuna kinachoishika dawa isiifikie mizizi.

Wengi huuliza kama glaifosati nayo ni vivyo hivyo. Tofauti ni kubwa. Ikigusa udongo wetu mwekundu wenye chuma na alumini nyingi hunaswa kwa nguvu, na mzizi hupata kidogo mno. Madhara yake hupitia majani na gome bichi: upepo ukipeperusha matone, machipukizi mapya hutoka membamba, yamebanana kama ufagio. Basi magugu ya sangari yapuliziwe kabla ya kupanda. Mche ukishasimama, tumieni jembe kuuzunguka. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hekta ina miti 1,111; ni kazi, lakini inafanyika.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni samadi. Malisho yakipuliziwa dawa yenye pikloramu, ng'ombe huila na majani na kuitoa ikiwa bado na nguvu, na inaweza kudumu udongoni zaidi ya mwaka. Hiyo hupinda ncha za miche, paina na milingoti pia. Msiweke samadi kwenye shimo bila kujua ng'ombe walilishwa wapi.

Sasa ombi langu. Mwezi Oktoba kila mwenye shamba la kupanda achote udongo sehemu kadhaa, kina cha sentimita 15, aujaze kwenye makopo matatu. Makopo mengine matatu ayajaze udongo wa mahali ambapo dawa haijawahi kufika. Apande maharage katika yote, ayamwagilie sawasawa kwa wiki tatu. Msikate shauri mapema, maana mwanzoni haragwe hula akiba ya mbegu. Tazameni majani yanayofuata. Anayekodi shamba amwulize mwenyewe jina la dawa, kipimo na tarehe, aandike kwenye daftari. Dawa iliyohamishiwa kwenye chupa isiyo na lebo msiinunue kabisa. Hakuna atakayewaambia kilichomo.

Makopo yaletwe kwenye mkutano wa Novemba. Shamba ambalo maharage yake yamepauka halitapewa miche ya milingoti msimu ujao. Mwenye kutaka paina tutamwona pamoja na afisa misitu. Ambapo majani yamejikunja au kupinda, hatutapanda mti wowote hadi jaribio lirudiwe mwakani.

Katibu